Mkubwa Aliyerudi na Ramani Zilezile

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo vidole hunipoa, ingawa jua la Kikwajuni unalijua lilivyo. Ilikuwa asubuhi ya kawaida kabisa, watu wanakunywa chai ofisini, na Bwana Nassor akaingia mlangoni.

Nakuhadithia kwa sababu juzi umepewa cheo. Mama yako kapika, watu wamekuja kukupongeza, na mimi nimekula biriani lako nikafurahi. Lakini nilipokuwa nakula nilimsikia bwana mmoja, nisiyemjua, akikwambia, "Ukichoka na serikali, sisi tupo. Mlango u wazi." Wewe ukacheka. Mimi nikalirudisha tonge sahanini. Nikasema nitamwita huyu mtoto, nimwambie kabla hajazoea kucheka hivyo.

Wakati huo nilikuwa msichana, sina muda mrefu kazini, katika idara iliyokuwa ikisimamia nyumba kongwe za Mji Mkongwe. Mtu akitaka kubomoa, kuongeza, hata kutoboa dirisha, alikuja kwetu kuomba kibali. Mkuu wetu alikuwa Bwana Nassor, na mimi kazi nimefundishwa na yeye. Alinifundisha kugonga ukuta kwa kifundo cha kidole na kusikiliza, kutazama boriti zilipoingia kwenye mawe, kunusa unyevu. "Nyumba ya mawe ni kama mtu mzima," akiniambia. "Haianguki siku moja. Huugua kwanza, na ugonjwa wake huusema. Wewe kazi yako kusikia." Alikuwa mtu mwadilifu. Nataka ulijue hilo tangu mwanzo, maana ungekuwa unasikia habari za mwizi ungelala usingizi, ukasema mimi si mwizi, hayanihusu.

Nyuma ya Mkunazini palikuwa na nyumba kubwa ya zamani iliyonunuliwa na kampuni moja ya hoteli. Walitaka kuiongeza ghorofa juu, wageni wapande wanywe chai huku wakitazama mapaa ya mji. Nyumba hiyo ilishirikiana ukuta na nyumba ndogo ya Bi Salma, mjane aliyekuwa akipika mikate ya kumimina na kuuza, anaishi na bintiye Rukia na wajukuu. Ukuta mmoja, nyumba mbili. Bwana Nassor alinichukua tukaenda kuukagua. Tulipogonga, chokaa ilimwagika kama unga kutoka kwenye ufa, haikomi. Akanitazama, akasema, "Raya, huku wanataka kuongeza mzigo, kule wanalala watoto. Ukuta huu ukibebeshwa utaanguka. Mimi sitii saini."

Na kweli hakutia. Wakaja mara ya pili, akawakatalia. Bi Salma akawa kila akisali anamtia kwenye dua zake.

Kisha Bwana Nassor akaacha kazi, umri wa kustaafu haujafika. Akatwambia amechoka, anataka kupumzika na wajukuu. Tukamuaga kwa halua na kahawa, wengine tukalia. Kabla Ramadhani haijaingia, akarudi.

Ndiyo asubuhi hiyo ninayokwambia. Aliingia amevaa vizuri, ananukia udi, kwapani ana ramani zilizokunjwa. Sote tukasimama, "Shikamoo mkuu, shikamoo." Akaitikia marahaba kwa kila mmoja na jina lake. Bwana Khatib, aliyemrithi, akatoka mbio chumbani kwake, akamshika mkono, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe. Kiti kile kile. Bwana Khatib akakaa upande wa wageni.

"Raya!" akaita Bwana Nassor.

"Naam, mkuu."

Akazikunjua ramani mezani. Zilikuwa zilezile. Nyumba ile ile, ghorofa ile ile juu. Kilichobadilika kilikuwa jina la aliyezileta, maana Bwana Nassor sasa alikuwa mshauri wa kampuni ya hoteli.

"Bwana Khatib ameona ukague tena," akasema kwa upole. "Twende wote. Nitakuelekeza."

Tukaenda. Njiani watu wanamwamkia, wauza ndizi, wazee wa barazani, kila mtu anamjua kwa wema. Tulipofika nikaugonga ukuta kama alivyonifundisha, na chokaa ikamwagika kuliko mwanzo. Ufa ulikuwa umeongezeka, kidole changu kidogo kiliingia. Nikamtazama. Akatazama pembeni, akaanza kunieleza habari za nondo na saruji, namna ukuta utakavyotiwa nguvu, namna wataalamu wa siku hizi wanavyofanya. Maneno mazuri, yamepangika. Nilikuwa najua saruji haipatani na mawe yale; yeye ndiye aliyenifundisha.

Hapo Bi Salma akatoka na unga mikononi. Alipomuona, uso wake ulikunjuka.

"Alhamdulillahi! Bwana Nassor, umerudi kutukagulia! Nshawaambia hawa watoto, madamu Bwana Nassor yupo sisi hatuna hofu. Rukia ananambia tuhame, nikamwambia tuhame tuende wapi, na bwana yule anatulinda?"

Mwanangu, nilingoja amwambie. Neno moja tu, kwamba Bi Salma, mimi sasa niko upande wa pili wa ukuta. Alikuwa na wakati wa kulisema. Akatabasamu. Akamwambia, "Usiwe na wasiwasi, Bi Salma."

Nimeogopa mambo mengi maishani. Nimejifungua mtoto usiku wa mvua hakuna mkunga, nimezika mume. Lakini sijaogopa kama nilivyoogopa kwa maneno yale machache, kwa sababu yule mama aliyaamini, na akarudi ndani kwa wajukuu wake akiimba.

Tulipokuwa tunarudi, nikajitutumua nikamuuliza. "Mkuu, si ulisema ukuta huu utaanguka?"

"Nilisema hivyo nikiwa mkuu wa idara. Serikali lazima iwe na hadhari. Sasa natazama kama mtaalamu." Akatembea kidogo, kisha akasema, "Kampuni inahitaji kijana mwenye akili kama wewe. Mimi nitachoka, nani atashika? Usiharakishe. Maliza hii kazi kwanza."

"Walikusemesha lini, mkuu?" Sijui nilipata wapi ujasiri.

"Zamani. Tangu mara ya kwanza tulipowakatalia." Akacheka. "Waliona hapa pana mtu."

Mji wote ulikuwa na jua, mwanangu, na mimi nilihisi baridi. Maana nilianza kujiuliza: ile mara ya pili alipowakatalia, alikataa kwa ajili ya watoto wa Bi Salma, au alikuwa anajipandisha thamani? Mpaka leo sijui. Nadhani hata yeye mwenyewe hakujua tena. Hilo ndilo linalonitisha zaidi. Ahadi ile haikuharibu kazi yake ya baadaye tu. Ilirudi nyuma ikatia doa na ule uadilifu wake wa kwanza, ambao mimi niliuona kwa macho yangu.

Tulipoachana karibu na Darajani akanambia, kama mzazi, "Mji huu mdogo, Raya. Mtu asijifungie milango."

Nyumbani sikula. Mjomba Haji, aliyenilea baada ya baba kufariki, alikuwa karani wa mahakama aliyestaafu, mtu wa maneno machache. Alinitazama nikichezea wali, akasema, "Hebu sema." Nikamweleza yote. Nilidhani atanihurumia.

"Ulimjibu nini aliposema habari ya kazi?"

"Sikumjibu kitu, mjomba."

"Basi umemjibu." Akaweka kijiko chini. "Na ulipokuwa unarudi, hukufikiri ile saruji pengine itashika?"

Kweli nilifikiri. Nilikuwa nimeanza, taratibu, kutafuta sababu za ukuta ule kuwa mzima. Hakuna aliyenilazimisha. Ilikuwa sauti yangu mwenyewe, na ilikuwa na adabu nzuri.

"Unaona?" akasema Mjomba Haji. "Kikulacho ki nguoni mwako. Wewe unamwogopa Nassor, mwogope Raya. Mtu haajiriwi siku anapoanza kazi, mwanangu. Huajiriwa siku anapoanza kuitumainia. Mwili wako uko serikalini, roho inshahamia kwao, na ule ukuta unakaguliwa na roho. Mimi nimekaa mahakamani umri wangu wote. Hakimu mwenye hongo mfukoni unaweza kumkamata. Mwenye ahadi moyoni, nani atamkamata?"

"Nifanye nini?"

"Kesho, mbele ya watu, sema umeahidiwa. Kisha toa mkono wako. Siri hii ikilala humu siku mbili itazaa."

Nilisali nikilia. Nilikuwa na hofu ya kupoteza kibarua, hofu ya kuambiwa nimemkosea fadhila aliyenifundisha kazi. Lakini heri kufa macho kuliko kufa moyo. Asubuhi nikaingia ofisini, Bwana Khatib amesimama na wenzetu wanakunywa chai, nikasema, "Bwana Khatib, mimi jana nimeahidiwa kazi na wenye ramani zile. Siwezi kukagua ukuta wao. Ukuta ni mbovu, nimeuona, lakini hata hilo msinisikilize mimi. Naomba akague mtu ambaye hakuahidiwa."

Nilitaraji watashangaa. Nilitaraji mmoja atasema, nitakwenda mimi. Badala yake macho yao yalishuka, ya huyu, ya yule, wakitazama vikombe vyao. Hakuna aliyeuliza nani kaniahidi. Hakuna. Ndipo nilipofahamu, mwanangu. Chumba kizima kilikuwa kimeahidiwa.

Bwana Khatib akasema, "Nenda kapumzike, Raya." Baada ya siku chache nikahamishiwa Mlandege, kwenye mambo ya vibanda vya biashara.

Kabla ya kwenda huko nilipita kwa Bi Salma. Nikamwambia wazi, Bwana Nassor sasa anafanya kazi kwa wenye hoteli. Alinikasirikia. "Wewe mtoto una husuda! Mtu kakufundisha kazi, leo unamvunjia heshima kwenye mlango wangu?" Sikuwa na la kumwonyesha. Nilikuwa na neno langu dhidi ya tabasamu la mtu aliyeheshimiwa mji mzima. Lakini Rukia alinisindikiza mpaka nje, akaniuliza polepole, "Dada, ukuta wenyewe ukoje?" Nikamwambia kama ulivyo. Usiku ule ule akawahamisha watoto kwenye chumba cha mbele, mbali na ukuta. Mama yake hakukubali kuondoka kwenye kitanda chake.

Kibali kikatoka. Ghorofa ikapanda. Nikipita mbali nilikuwa nasikia nyundo, na kila nyundo ilikuwa inanipiga mimi.

Ukuta uliporomoka masika, alasiri, mvua imenyesha mfululizo. Nilikuwa Mlandege niliposikia watu wanakimbia, na kabla sijaambiwa ni wapi nilikuwa nimeshajua. Nilipofika, uchochoro ulikuwa umejaa vumbi jeupe, na vijana wanatoa mawe kwa mikono. Watoto walikuwa nje na Rukia, wazima, wamekumbatiana. Bi Salma alikuwa chini ya mawe.

Walimtoa akiwa hai. Nyonga imevunjika, uso mweupe kwa chokaa kama sanamu. Nilimshika mkono. Alikuwa anasema kitu, nikainama kumsikiliza. Alikuwa akisema, "Mwiteni Bwana Nassor. Mwambieni ukuta umeanguka. Atajua la kufanya."

Na Bwana Nassor alikuwepo. Alikuwa amesimama mwanzo wa uchochoro, maji yanamchuruzika kwenye kanzu, na watu, kwa heshima, walikuwa wanampisha njia apite. Alimsikia. Nilimuona alivyomsikia. Hakupita. Aligeuka akaondoka, na sijawahi kuona mgongo wa mtu ukizeeka kwa hatua chache vile.

Bi Salma aliishi miaka, lakini hakusimama tena. Baadaye aliambiwa ukweli na wengine, na siku aliyoamini aliniita, akanishika mkono. Ghorofa ilibomolewa. Bwana Nassor hakushitakiwa. Hakuna sheria aliyoivunja ambayo mtu aliweza kuinyooshea kidole. Aliendelea kuamkiwa barabarani, na nasikia hilo ndilo lililomfanya asitoke tena nyumbani. Mwenyezi Mungu amrehemu. Alikuwa mwalimu wangu, na namwombea kila siku.

Sasa nisikilize. Sikwambii usiwahi kuondoka serikalini. Kufanya kazi kwenye kampuni si haramu, na mtu hula alipo. Nnakwambia uogope kipindi cha katikati, pale mguu mmoja uko huku na mwingine umeshanyanyuka. Njia mbili zilimshinda fisi, naye hakuwa na saini. Mtu mwenye shauri mezani kwako akikutajia kazi, hata kwa mzaha, hata kwenye biriani, usicheke. Sema siku hiyo hiyo, kwa sauti, mbele ya wengine, kisha jiondoe kwenye shauri lake. Na ikifika siku ya kuondoka kweli, kaa kando kwanza, upoe, na usiguse tena ulichokuwa umekishika. Usirudi kwenye kiti ulichokiacha ukawatazama uliowalea wakiinuka kukuamkia. Wao wataona mkuu wao. Hawataona nani kakutuma. Na kama kuna mnyonge aliyekuwa akikutegemea, mwendee wewe mwenyewe, umwambie, "Mimi sipo tena upande wako," ili usiku ajue wa kumlilia ni nani. Hilo ni deni lako kwake, hata likikuumiza.

Na ogopa, mwanangu. Watu watakwambia cheo kinataka ushujaa. Mimi nakwambia kinataka hofu: hofu ya Mungu kwanza, kisha hofu ya hiyo sauti yenye adabu ndani yako.

Nenda kazini. Mola akupe riziki isiyokutaka umgeuzie mtu mgongo, akuonyeshe ufa ungali mdogo, akupe ulimi wa kuusema. Akulinde na watu wabaya, na akulinde zaidi na watu wema wanaokupenda kwa sababu ya saini yako. Na ukistaafu, akustaafishe ukiwa unaweza kupita kila uchochoro wa mji huu, mchana, uso juu. Amin, mwanangu. Amin.