Ukuni wa Nyanya

Januari, mwezi wetu wa pili ugenini, nyanya alifariki kule Molo, na hatukuweza kwenda kumzika. Jana jirani alichoma kuni uani kwake, na moshi ule ukanirudisha kwenye juma lile la msiba.

Mama alikuwa amekuja na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, na kipande kimoja cha ukuni, ambacho nyanya alimfungia kwenye mzigo. Kwetu ukuni huo huchomwa, na kaa lake husuguliwa ndani ya kibuyu kabla ya kutia maziwa. Basi mama akauwasha juu ya jiko la stima, ghorofa ya nne. Kengele ya moshi ikalia. Watu wa jengo zima wakatoka na malapa kwenye theluji, wazimamoto wakapanda na kuumwagia ukuni maji.

“Mama watoto, walivyokuona na hiyo leso kichwani na moshi wote huo,” baba alisema tuliporudi ndani, “watadhani tumekuja huku kufukuza nyuki.”

Mama hakucheka. “Ni huo mmoja tu alinipea.”

Akaulaza juu ya hita. Ulipoanza kukauka, chumba kikajaa harufu ya jikoni kwa nyanya. Baba akaitazama kengele pale darini, akainuka kwenda kufungua dirisha.

“Wacha,” mama akasema. “Wacha ikae kidogo.”

Baba akarudi kuketi.