Jani Alilolikausha Bi Chupa

Mdogo wangu wanamwita Bi Chupa, na jina limemkaa. Mwaka wa kumi na tisa huu anaosha chupa kwenye maabara inayokuza miche ya migomba ndani ya vioo. Mimi kazi yangu ni kutembea: natengeneza cherehani mlango kwa mlango, na nikipita mjini kwake kochi ni langu.

Marehemu shemeji yangu, mumewe, alikuwa na mgomba nyuma ya nyumba, shina la zambarau, ndizi fupi nene zinazonukia asali. Mtu wa mkono wazi yule. Mgeni hakuondoka bila chipukizi. Alipofariki, ugonjwa wa mnyauko ukaingia, migomba yote ikang'olewa ikachomwa. Mdogo wangu akanusuru jani moja. Alilikausha kivulini, akalikunja ndani ya gazeti, akalitia kwenye kopo la biskuti. Likakaa humo miaka sita.

Siku moja tukatazama filamu kwenye televisheni. Jamaa wa koti jeupe kachukua unywele wa maiti, kautumbukiza kwenye mtungi wa maji ya kijani, taa zikametameta, na chai yetu haijapoa, mtu mzima huyo katoka, na suruali kavaa.

"Suruali nayo imetoka kwenye unywele?" nikauliza.

"Kaka, tazama au kalale."

Lakini kesho yake alibeba kopo lake kazini, nikamsindikiza. Mtaalamu wao ni binti mdogo, kiumri angeweza kuwa mwanawe. Alilifunua gazeti taratibu, akaligeuza jani huku na huku.

"Mama, umelikausha vizuri sana."

"Nilijitahidi, mwanangu. Unirudishie mgomba wa mzee wangu."

"Hapo ndipo tulipokwama. Mimi nahitaji kitu kilicho hai, hata kidogo kama punje ya mchele, kutoka moyo wa chipukizi. Hili limekufa, Mama."

"Mbona kwenye televisheni wanatumia unywele?"

"Na mimi nazitazama hizo. Umeshamwona hata mmoja wao akiosha chupa? Hapa chupa moja ikibaki na uchafu, ukungu unakula kazi ya miezi."

Tulipofika mlangoni kwake, mdogo wangu akageuka.

"Alikuwa anagawa."

"Nani?"

"Shemeji yako. Machipukizi. Wewe si unatembea?"

Basi tangu hapo, nikibisha hodi, kabla ya cherehani naangalia nyuma ya nyumba. Nimeshafukuzwa kama mwizi wa kuku. Mwaka wa pili nikaona shina la zambarau kwa mama mmoja mshonaji. Aliyempa, alisema, ni bwana mmoja mwenye maneno mengi. Shemeji alikuwa na maneno mengi, ila wenye maneno ni wengi. Mkungu ulikuwa umeshakatwa, hakuna cha kuonja. Nikaondoka na chipukizi ndani ya kitambaa kibichi.

Binti mtaalamu akaligawa katika chupa kumi. Sita zimeingia ukungu. Nne zina kijani cha ukubwa wa ukucha. Mpaka miche itoke, ipandwe, izae, ni zaidi ya miaka miwili, ndipo tutajua kama ni mgomba wenyewe.

Jana nilimkuta mdogo wangu mbele ya rafu, glovu zinachuruzika maji, anazitazama zile nne. Nikamuaga, begi la spana begani.

"Safari hii usiende mbali, Kaka," akasema. "Ile harufu ya asali, tumebaki mimi na wewe tunaoijua."

Nikaliweka begi chini.