Nyasi Mkononi mwa Mkalimani

Watu wa Same waliomjua Tumainieli uzeeni walimjua kama yule mzee anayezungumza na mbuzi wake Kimasai. Walimcheka, naye akawaacha wacheke. Angewaambia nini? Hakuwa na mtu mwingine wa kuzungumza naye lugha ile, na kosa lilikuwa lake mwenyewe.

Alizaliwa Mamba, milimani, kwa watu wa jembe na Biblia. Alipokuwa na miaka saba njaa iliingia Upare, na baba yake akamteremsha uwandani, upande wa Ruvu, akamwacha kwa mama mmoja wa Kimasai aitwaye Naanyu, ili mtoto ashibe maziwa mpaka mvua zirudi. Mvua zilichukua miaka minne kurudi. Tumainieli alipanda tena milimani akiota ndoto zake kwa Kimasai, na Chasu, lugha ya Kipare ya mama yake mzazi, akikitamka kigenigeni. Shuleni wenzake walimwita Mmasai. Kule uwandani walikuwa wakimwita Mpare. Ndiyo maana alipopata kazi ya ukalimani bomani Same, mwaka ule vita vya Hitla vilipoanza, aliishika kwa mikono miwili. Hatimaye alikuwa na mahali pake, katikati ya watu wasioelewana. Tena alijivunia jambo moja, kwamba haongezi wala hapunguzi. Neno liliingia sikioni mwake na kutoka kinywani likiwa zima.

Mwaka uliofuata, kiangazi kikali, askari walimkamata mzee mmoja wa Kimasai kichakani kando ya reli. Jina lake Loishiye. Alikuwa na fimbo yenye alama za kisu arobaini na moja. Kila garimoshi lililobeba wanajeshi lilipopita, mzee alichonga alama moja. Afisa aliyetumwa kuchunguza alikuwa Mwingereza mwembamba ambaye watu walimwita Bwana Saa, kwa jinsi alivyokuwa akiitazama saa yake hata mtu akimsalimu. Kwake yeye mambo yalikuwa wazi. Mtu anayehesabu magarimoshi ya jeshi humhesabia adui, na jasusi wakati wa vita hunyongwa. Loishiye akafungiwa ndani ya behewa la chuma la kubebea ng'ombe, lililokuwa limesimamishwa pembeni ya stesheni.

"Sisi hatupigi watu," Bwana Saa alimwambia Tumainieli, kwa fahari kabisa. "Mwambie hivyo."

Tumainieli akamwambia. Na kweli hawakumpiga. Walifunga mlango tu, wakaliachia jua la Same lifanye kazi. Ndoo ya maji waliiweka nje, mbele ya upenyo, mahali ambapo mzee angeiona vizuri. Siku ya kwanza ikapita, na ya pili. Kola ya shati la Bwana Saa ilibaki nyeupe na midomo ya mzee ikapasuka. Sijui ni nani aliyewafundisha watu kuiita hali hiyo ustaarabu.

Asubuhi ya siku ya tatu Bwana Saa aliitazama saa yake. "Wewe umelelewa nao. Hakuna njia ya kumfanya aseme?"

Njia ilikuwepo, na Tumainieli aliijua tangu utotoni. Kwa Wamasai, mtu anayekujia na nyasi mbichi mkononi amekuja kwa amani. Hata waliokuwa wakipigana hushusha mikuki, na linalosemwa mbele ya nyasi haligeuzwi kuwa silaha ya kumpigia aliyelisema. Mara ngapi Naanyu alimkuta akigombana na watoto wenzake, akawaamuru wang'oe nyasi, na ugomvi ukaisha papo hapo!

"Bwana, nikimwendea na nyasi atasema," alijibu. "Lakini nikimwendea na nyasi, ni lazima asipate madhara."

"Hatapata. Nakupa neno langu. Neno la Mwingereza."

Aliliamini, maskini wa Mungu, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mtu wa neno lake.

Kiangazi kile Same yote ilikuwa vumbi. Nyasi mbichi zilikuwa mahali pamoja tu, chini ya tangi la maji ya garimoshi, palipovuja. Tumainieli alizing'oa pale, akafunguliwa mlango wa behewa, akaingia katika joto lile na harufu ya mavi ya ng'ombe. Akainamisha kichwa mbele ya mzee, kama mtoto mwenye adabu afanyavyo kwao. Loishiye aliziona nyasi. Akainua mikono yake iliyofungwa, akakigusa kile kichwa kwa vidole vikavu.

"Nani aliyekupa lugha yetu?"

"Naanyu, baba. Wa Ruvu."

"Naanyu wa mbuzi weupe?"

"Huyo huyo."

Mzee akashusha pumzi. Bwana Saa alikuwa amesimama mlangoni na daftari lake, hajui neno hata moja.

"Basi sikiliza, mtoto wa Naanyu," Loishiye alisema. "Mwanangu wa mwisho walimchukua jeshini. Ametoroka kambi ya Moshi. Yuko korongoni nyuma ya Makanya, chini ya mkuyu ulioanguka. Tulipatana kwamba siku magarimoshi ya askari yatakapokoma kupita, nitajua vita imepoa, nimwite nyumbani. Hesabu yenyewe ni hiyo tu. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea maji, na tangu nifungiwe humu hakuna aliyempelekea. Mimi nimekwisha kula chumvi nyingi, nikifa humu si neno. Mpelekee maji."

"Amesema nini?" Bwana Saa aliuliza.

Katika Same nzima asubuhi ile hapakuwa na mtu mwingine wa kumsahihisha Tumainieli. Angeweza kusema lolote. Angesema mzee anahesabu kwa sababu ya upweke, au anangoja mgeni. Lakini aliogopa kwamba uongo dhaifu ungemwacha mzee na kesi ya ujasusi na kitanzi. Ukweli ungemwokoa mzee, na neno la Mwingereza lingemfunika mtoto. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Lakini palikuwa na jambo jingine pia, nalo alilikiri baadaye kwa uchungu: aliipenda mno sifa yake. Haongezi wala hapunguzi. Akasema yote, korongo, mkuyu, mpaka maji.

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Tumainieli hakujikwaa. Alitembea wima mpaka mwisho wa sentensi.

Bwana Saa alifunga daftari. "Si jasusi. Mfungueni, mpeni maji." Kisha akageuka, akaamuru askari wanne wapande kiberenge, waende Makanya.

"Bwana! Ulinipa neno lako."

"Nilisema huyu hatapata madhara. Amepata? Mtoro ni jambo lingine." Akaitazama saa.

Loishiye alikuwa ameketi chini, kikombe kinywani, alipowaona askari wakikisukuma kiberenge kuelekea kusini. Hakuhitaji mkalimani. Alikiweka kikombe chini kikiwa bado nusu.

"Uliwaambia na mkuyu?" aliuliza.



Walimkuta kijana chini ya mkuyu, hana nguvu ya kukimbia. Walimpa maji, kisha pingu. Alirudishwa jeshini, akapelekwa vitani, na garimoshi halikumrudisha. Jina lake silitaji. Baba yake hakulitaja tena, kama ilivyo desturi kwao kwa waliokufa.

Kesho yake Noonkipa, mama wa Kimasai aliyekuwa akimletea Eliwaza, mke wa Tumainieli, maziwa kila asubuhi, aliupita mlango wao bila kugeuza shingo. Sokoni Tumainieli alimsalimu mfugaji mmoja kwa Kimasai, naye akajibu kwa Kiswahili. Akamjaribu mwingine, ikawa vilevile. Hakuna aliyemtukana. Walimjibu wote kwa adabu, kwa Kiswahili, hata wale ambao Kiswahili chenyewe kiliwashinda, wakitafuta neno moja moja huku jasho likiwatoka. Lugha ya Naanyu walikuwa wamemnyang'anya. Bomani nako, mkalimani ambaye Wamasai hawasemi naye ana kazi gani? Wakamwondoa.

"Turudi Mamba, baba," Eliwaza alimsihi. "Hapa tunakaa kama wakoma."

Alikataa. Alisema anangoja wamjibu tena kwa Kimasai. Eliwaza alingoja naye miaka tisa, kisha homa ikamchukua, na Tumainieli akanunua mbuzi. Aliumia. Nyumba ilikuwa na sauti moja tu, yake, na hata hiyo alianza kuichoka.

Mwaka mmoja kabla ya bendera ya Mwingereza kushushwa, mvua zilipokwisha kunyesha, alishuka kwa miguu mpaka Ruvu. Mkononi alikuwa na nyasi mbichi. Alimkuta Loishiye ameketi karibu na zizi la ndama, macho yamekufa. Tumainieli alimwamkia kwa Kimasai, akataja jina lake na la Naanyu. Mke wa mwanawe mkubwa akaleta maziwa, kwa kuwa mgeni ni mgeni.

Tumainieli akapiga magoti, akainamisha kichwa, akazinyoosha nyasi mbele. Alingoja. Mkono wa mzee ulikuja taratibu, ukapita juu ya kichwa chake bila kukigusa, ukazipata nyasi. Loishiye alizipapasa, akazinusa.

"Mbichi," alisema, kwa Kiswahili.

Kisha akageuka, akampa ndama aliyekuwa amefungwa ubavuni pake. Ndama alizitafuna zote bila haraka. Tumainieli alibaki ameinama vilevile mpaka shingo ikamuuma, halafu akayanywa maziwa, kwa sababu kuyaacha ni utovu wa adabu, akashika njia ya kurudi kwa mbuzi wake.