Ndoo ya Buluu Iliyokwenda Bwenini Uingereza

Wakenya wenzangu wa ughaibuni, tuliokuwa tukikutana mtaa wa Najma wenye maduka siku za Ijumaa, wakitaka kunitania mpaka leo, huanza na ile ndoo. Waache waseme. Sijutii hata kidogo.

Mwanzoni mwa miaka ya 2010 nilikuwa yaya katika nyumba moja ya matajiri wa Kiarabu huko Umm Salal. Binti wa nyumba hiyo nilimlea tangu akiwa na miaka minne. Kiswahili alikiokota kwangu, pamoja na ukaidi. Alipofikisha miaka kumi na mitatu alikuwa hajawahi kufungua pazia la chumba chake mwenyewe, maana mimi nilikuwepo.

Kisha vikaletwa nyumbani vitabu vya picha vya shule za bweni za Uingereza. Akachagua kimoja, akakificha chini ya mto. Kilichomvutia si maabara wala bwawa la kuogelea. Ilikuwa picha ya wasichana watano wenye magongo ya hoki, wametapakaa matope hadi magotini, wanacheka huku wamefumba macho.

"Anti, nataka kuwa huyu wa mwisho," akaniambia. Huyo wa mwisho ndiye aliyekuwa mchafu kuliko wote.

Baba yake alikubali upesi. Mama yake, ambaye sisi wafanyakazi tulimwita Madam, alitoa muhula mmoja tu. Binti akiomba kurudi, atarudi, na habari za bweni ziishie hapo.

Nikaapa kimoyomoyo kwamba hataomba. Mabweni niliyajua. Sekondari nilisoma bwenini, kule kwetu milimani, katika shule iliyoanzishwa na Waingereza; walipoondoka walituachia kengele, magodoro membamba na uji wa alfajiri. Niliingia pale nikiwa mtoto wa kudekezwa, nikatoka na marafiki ambao hadi leo nikiugua wanajua kabla ya ndugu zangu. Mtoto yule nilimtakia hayo hayo.

Basi nikamfundisha. Kutandika kitanda, kona zikunjwe kama bahasha. Kufua soksi kwa mkono. Kuamka bila kuitwa. Ijumaa iliyofuata nikaenda Najma kununua vitu ambavyo kwetu mwanafunzi haendi bwenini asipokuwa navyo: kufuli, kandambili, sabuni ya kipande, na ndoo ya plastiki ya buluu. Jina lake nililiandika ubavuni kwa rangi ya kucha.

Madam alipoiona ndani ya sanduku aliinyanyua.

"Uingereza hakuna maji?" akauliza.

"Maji hukatika popote, Madam."

Binti aliondoka nayo. Nadhani ni kwa kunipenda tu.

Wiki ya tatu simu yangu ililia alasiri, nikiwa napiga pasi.

"Anti, hapa maji hayakatiki," akasema, na kilio kikafuata. "Wananicheka. Wananiita Ndoo. Mwambie Mama nataka kurudi."

Nilijisikia vibaya kuliko siku yoyote katika nyumba ile. Ujuaji wangu wote umemfikisha mtoto hapo.

"Nitamwambia Jumapili," nikasema, "kama Jumapili bado utakuwa unataka."

Siku zile nilinyoosha shati moja la baba yake mara tatu. Madam akiniuliza binti anaendeleaje, namwambia anazoea, kisha natoka haraka. Jumapili simu haikulia. Jumatatu haikulia. Jumanne akapiga, anahema.

"Anti, tumecheza hoki kwenye mvua! Soksi zikajaa matope, na zamu yetu ya mashine ya kufulia ni Ijumaa. Mimi nikaloweka zangu kwenye ndoo. Sasa wenzangu wamepanga foleni mlangoni na soksi zao. Hawajui kufua, Anti, hata kidogo. Nawafundisha."

"Na ile habari ya kumwambia Mama?"

"Habari gani?"

Nikacheka peke yangu mbele ya pasi mpaka mpishi akaja kuchungulia.

Desemba alirudi likizo, amerefuka, sauti imepata nguvu. Asubuhi yake ya kwanza nilikwenda kumwamsha kama zamani. Pazia lilikuwa wazi. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, kona zote nne. Nikasimama pale sina la kufanya, na nitasema ukweli, niliona uchungu kidogo pamoja na fahari.

Nikamkuta jikoni. Madam alikuwa ameketi kwenye meza ya wafanyakazi, mahali ambapo sikuwahi kumwona ameketi. Mezani palikuwa na vikombe vitatu, na binti alikuwa akimimina.

"Keti, Anti."

Kwa miaka tisa nilikuwa nimewaandalia chai watu wa nyumba ile na wageni wao wote. Hakuna aliyewahi kuniandalia mimi. Nikamtazama Madam. Akanivutia kiti.

"Keti," akasema. "Ijumaa ukienda Najma ununue ndoo ya pili. Anasema moja haiwatoshi."

Chai yenyewe ilikuwa ya kule alikotoka: maji ya moto, kifuko cha majani, maziwa baridi juu yake, bila tangawizi wala sukari. Sijawahi kunywa chai mbaya namna ile. Nikaimaliza yote, nikaomba kikombe cha pili.