Diski Mbili za Ukubwa Mmoja

Kwa miezi mitatu kompyuta yangu ilikuwa ikizima katikati ya gemu, na mimi, mtu mzima mwenye mke na kazi, nikawa naichukia kama mtu anayenikosea makusudi. Ilikuwa kompyuta ya ofisi iliyotumika ng'ambo kabla ya kufika Meru mjini, nami nilikuwa nimeitia kadi ya picha ili nicheze mbio za magari. Ilienda vizuri kwa dakika ishirini hivi, feni zikipiga kelele, halafu kioo kikawa cheusi. Hakuna onyo wala ujumbe. Nikiiwasha tena, inazima tena.

Nafanya kazi Timau, katika stoo ya shamba moja la maua. Printa ikikataa ofisini ni mimi ninayeitwa, na wenzangu huniita daktari. Sifa hiyo naipenda kuliko inavyofaa. Basi niliitibu mashine yangu kwa utaratibu ule ule ninaoutumia kwa za wengine. Nilifungua kasha nikapuliza vumbi. Nikachomoa memori, nikayasugua meno yake kwa kifutio cha shule, nikazirudisha moja moja ili nijue ipi ni mbovu. Nikapangusa ile dawa nyeupe iliyokauka juu ya prosesa na kupaka mpya. Ikazima vile vile. Mke wangu akasema niiuze ninunue mbuzi, angalau mbuzi akinyamaza unajua amekufa.

Ukweli ni kwamba gemu lenyewe sikulipenda kiasi hicho. Baba yetu alikuwa amefariki mwaka ule, na nikiwa nimeshika usukani wa plastiki sikumfikiria. Hiyo ndiyo kazi niliyoitaka kompyuta inifanyie, na ilikuwa inakataa kuifanya.

Sauti ya baba ilikuwa ndani ya mashine hiyo hiyo. Nieleze ilivyofika humo.

Kwetu ni Kibugu, upande wa Embu, huko juu ambako mashamba ya chai yanaishia msituni. Tumezaliwa wanne: dada yangu mkubwa, kisha kaka, kisha mimi, kisha mdogo wetu. Dada alikuwa amerudi nyumbani na binti zake wawili baada ya ndoa yake kuvunjika. Baba alipougua tumbo, sisi wana tulituma pole kwa simu. Dada ndiye aliyemwosha, akamgeuza kitandani, akamnywesha uji kwa kijiko. Wiki ya mwisho baba aliniita kutoka Timau. Alitaka kugawa shamba, lakini karatasi hakuitaka; aliamini anayeandika wosia anajiitia kifo, hata kifo chenyewe kikiwa kimeshakaa kitandani naye. Alitaka nirekodi. Akaamuru watu wote watoke nje, tukabaki wawili, akaongea Kiembu karibu saa nzima, akikohoa, akipumzika, akirudia. Alipomaliza akamwita dada yangu na kumwambia, "Yako nimesema. Iko huko kwa simu."

Kwetu kauli ya mwisho ya mzazi ni kirumi, agizo lenye laana. Ukiipinda inakufuata wewe na watoto wako, na hata mlokole anayeikana hadharani haijaribu. Baada ya mazishi mdogo wake baba, ambaye sasa ndiye mzee wetu, alituketisha na kutoa uamuzi.

"Hiyo sauti isitembezwe kwa masimu," alisema. "Huyu anasikia leo, mwingine kesho, inakuwa udaku. Ikae mahali moja tu. Mwaka ikiisha tunaketi sisi wote, tunasikiliza pamoja siku moja."

Sote tulikubali, na dada alikubali kuliko wote, kwa sababu aliogopa mtu asije akaikata na kuiunga. Simu yangu ilikuwa imejaa na ilikuwa ikisumbua, kwa hiyo nikahamishia sauti kwenye kompyuta, katika diski ya pili ninayowekea picha na vitu vya nyumbani, kisha nikaifuta kwenye simu mbele ya mzee ili aone kwamba imebaki moja. Kazini nawafokea watu kila siku juu ya jambo hilo. Faili lenye nakala moja, nawaambia, tayari limepotea, bado tarehe tu. Lakini mbele ya baba mdogo mimi si daktari wa mtu, ni mtoto wa kaka yake, nikatii.

Dada alikuwa akinipigia kila mwezi. Hakuwa na salamu nyingi. "Ile kitu iko?" Namwambia iko. "Sawa basi."

Hatimaye nilibeba kasha langu hadi kwa fundi mmoja Meru mjini. Alilifungua, na hazikupita dakika mbili.

"Boss, hii pawa saplai ni ya kompyuta ya sekretari," alisema. "Na wewe umeifungia trekta. Kadi ikianza kuvuta moto, hii inachoka, inazima ndio isiungue."

Miezi mitatu nilikuwa nikisugua memori, na shida ilikuwa umeme. Niliona aibu, na nadhani ile aibu ndiyo iliyonifanya ninunue zaidi ya nilichohitaji. Nilinunua pawa saplai kubwa, na diski mpya ya kasi, SSD, juu yake. Mpango wangu ulikuwa huu: mfumo wa kompyuta uhamie kwenye SSD, diski ya zamani iliyokuwa na mfumo niifute yote iwe ya magemu, na ile diski ya pili, yenye vitu vya nyumbani, nisiiguse kabisa.

Ilikuwa Jumamosi, baada ya chakula cha mchana. Mvua ilikuwa inanyesha na baridi ya Timau ilinikaza vidole hata skrubu zikawa zinaniponyoka. Diski zangu mbili zilikuwa za ukubwa mmoja, aina moja, nilizinunua siku moja kwa mwuzaji mmoja. Ukitaka kufuta diski na kuweka mfumo upya, unachomoa kwanza ile usiyotaka iguswe. Kila fundi anajua. Mimi nimewaambia watu hivyo nikiwa nimesimama nyuma yao na mikono kiunoni. Siku ile sikuchomoa. Nyaya za pawa saplai mpya zilikuwa zimenisumbua, nilikuwa nimeshafunga kasha, na niliogopa stima isije ikapotea kabla sijacheza.

Kioo kikaniletea orodha: diski sifuri, diski moja, diski mbili. Hapo hakuna majina, ni namba tu, na namba hufuata nyaya, na nyaya nilikuwa nimezichomeka upya bila kuangalia ipi ilikuwa wapi. Nikachagua. Kompyuta ikaniuliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo.

Jioni gemu lilienda saa nzima bila kuzima. Nilifurahi sana, sitaki kuficha. Jumapili sikwenda kanisani. Nilishusha magemu mengine mpaka diski ikakaribia kujaa, na Jumatatu niliwaeleza wenzangu kazini jinsi nilivyogundua kwamba ni umeme, bila kumtaja fundi.

Baada ya wiki tano dada akapiga simu. Baba mdogo alikuwa ameweka siku: ibada ya kumbukumbu asubuhi, halafu kikao. "Ile kitu iko?" Iko, nikamwambia, na safari hii, kwa kuwa siku ilikuwa imekaribia, nikaenda kuifungua nihakikishe. Katika diski niliyodhani ni ya nyumbani nikakuta mfumo wa zamani na magemu ya zamani, yale niliyoamini nimeyafuta. Nilikaa pale nikiyatazama.

Nilirudi mbio kwa yule fundi. Alifunga diski kwenye mashine yake na kuiacha na programu ya kutafuta vilivyofutwa kwa siku mbili. Picha za harusi yangu zilirudi nusu nusu, vichwa bila miili. Faili la baba lilirudi na jina lake na ukubwa wake kamili. Tukalifungua. Baba akasema kwa Kiembu, "Ngoja kwanza," akakohoa, halafu ukaja mlio kama mabati yanayokwaruzwa, ukaendelea hivyo hadi mwisho.

"Hizo ni gemu zako zimekaa juu yake," fundi alisema. "Kama ungeacha hiyo diski bila kuweka kitu ingine, tungeipata. Pole, boss."

Sikumwambia mtu. Ningeweza kumpigia dada siku hiyo na sikumpigia, na hilo nalihesabu kando, mbali na kosa la diski. Siku ya kikao nilifika Kibugu mikono mitupu, nikaimba nyimbo za ibada pamoja na wengine. Kisha tukaingia sebuleni. Mdogo wetu alikuwa ameleta spika na kuiweka mezani ili baba asikike vizuri. Dada alikuwa amevaa nguo ya kanisani na amekaa karibu nayo. Mzee wa kanisa aliomba, tukasema amina, wote wakanigeukia.

Nilisimama nikaeleza. Nilieleza diski mbili, namba, nyaya. Maneno ambayo Timau yanaeleweka na kila mtu wa ofisi, pale sebuleni yalisikika kama uongo uliopangwa vizuri, na kadiri nilivyoyafafanua ndivyo yalivyozidi kunuka. Dada hakunitazama. Alikuwa anaitazama spika.

Baba mdogo ndiye aliyepata njia. "Basi wachana na kompyuta," alisema. "Si wewe ulikuwa huko ndani? Tuambie kwa mdomo. Alisema nini?"

Hapo ndipo nilipojua nilichofanya, si Jumamosi ile ya Timau, bali siku ile kando ya kitanda. Sikuwa nimesikiliza. Saa nzima nilikuwa natazama ule mstari wa sauti ukipanda na kushuka kwenye kioo cha simu. Nilikuwa naangalia chaji. Nilikuwa nasogeza simu karibu na mdomo wake, na kuhesabu ni nafasi kiasi gani imebaki. Simu ilikuwa inasikiliza, kwa hiyo mimi nilipumzika.

Niliwaambia ninachokumbuka. Alimtaja marehemu mama. Alitaja ng'ombe. Alimtaja dada yangu, na si mara moja, na akimtaja sauti ilikuwa inapata nguvu.

"Alimpea wapi?" baba mdogo akauliza.

"Kuna mfereji alitaja. Na mti."

"Mfereji gani? Mti gani?"

"Sijui, baba."

Kaka yangu mkubwa alisafisha koo. "Kama hajui, hajui," alisema kwa upole. "Tusimtungie marehemu maneno. Hiyo ni hatari kwa sisi wote." Hakuna aliyeweza kumpinga, kwa sababu alichosema ni kweli. Sheria ya nchi inampa binti sawa na mwana, hilo sote tunalijua, lakini sheria inataka wakili na miaka, na dada alikuwa na wasichana wawili wa shule na kikapu cha kuchumia chai. Kabla ya chakula kuiva shamba lilikuwa limegawanywa mara tatu, kwa wana watatu. Dada aliachiwa jiko analolala, kwa sasa. Jiko lenyewe lilianguka upande wangu.

Kaka alinikuta nyuma ya zizi. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, jambo ambalo hajawahi kunifanyia hata siku ya harusi yangu.

"Asante," alisema. "Sikujua kama ungeweza."

"Ilikuwa makosa."

"Ndio." Alitabasamu, akanipigapiga begani. "Makosa. Sema tu hivyo hivyo."

Nikaenda jikoni. Dada alikuwa ameshavua nguo ya kanisani na alikuwa anasukuma kuni chini ya sufuria ya githeri ya wageni. Nilimwambia kila kitu, hata habari ya fundi, hata kwamba nilijua mapema nikanyamaza. Nikamwambia kipande changu ni chake, achukue chote, twende kwa chifu kesho niseme mbele ya watu.

"Na bibi yako amekubali?"

Nilimsogezea ukuni mmoja.

"Na watoto wako wakikuwa wakubwa? Ukikufa wewe?" Hakuwa na hasira. Alikuwa akiuliza tu, kama mtu anayejaribu kamba kabla ya kufunga mzigo. "Ukinipea, ni yako umenipea, na mtu anaweza kuja kuniuliza. Ya baba hakuna mtu angeniuliza."

Muhula uliofuata alihamia Kianjokoma na wasichana wake, kwenye chumba cha kukodi, na sasa anachuma chai ya watu. Kipande changu kimekuwa kikubwa. Mke wangu anasema tujenge huko.

Lakini siku ile, kabla sijatoka jikoni, alinyoosha mgongo na kunitazama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Ulikuwa umekaa wapi?" aliuliza. "Ile siku."

"Kitandani. Kando yake."

Alitikisa kichwa polepole.

"Mimi nilikuwa hapo nje," alisema. "Wasichana niliwapeleka kwa jirani, ng'ombe nikamtoa nikamfunga huko chini. Nilifukuza hata kuku, ndio mpate kimya."