Utosi wa Mama Faili

Mahakamani walimwita Mama Faili, na jina hilo alilibeba bila kinyongo. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa karani wa masjala. Kila asubuhi alisimama mlangoni pa chumba cha pili, mafaili kifuani, akaita watu wa kesi kwa sauti isiyohitaji kipaza. Alikuwa mjane, mwembamba, mwenye nywele ambazo mawakili walitania kwamba zimenyooka kuliko hoja zao.

Nywele hizo zilikuwa kazi ya mtu mmoja. Kila Ijumaa akitoka kazini alipita duka la vioo na fundi viatu, akaingia saluni ya Mama Upepo: chumba kimoja, viti viwili, dirisha lililokwama. Jina la Upepo lilitokana na draya yake, chombo cha zamani kilichonguruma kama pikipiki inayopanda mlima. Ikizimwa, maneno yanamwagika. Ikiwashwa, kila mtu anabaki na yake moyoni. Mama Upepo alimvuta nywele kwa brashi ya duara mpaka machozi yakamlenga, akasogeza moto karibu na ngozi, pakanuka kidogo kama kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi. Mama Faili aliizoea harufu ile, akaichukulia kuwa ndiyo harufu ya usafi.

Mdogo wake, ambaye ni nesi na ana maoni juu ya kila kitu, alikuwa amemwandama kwa miezi ahame. Ng'ambo ya barabara kumefunguliwa saluni mpya, ghorofa ya tatu, unaoshwa nywele umelala. Na yeye, mdogo wake alisema, anamng'ang'ania Mama Upepo kana kwamba wamefunga ndoa. Mama Faili alimwacha aseme. Alikuwa na sababu yake: wiki ya tatu baada ya kumzika mumewe, aliingia kwa Mama Upepo kwa sababu tu mlango ulikuwa wazi. Mama Upepo hakumuuliza neno. Alimwosha nywele mara mbili, kama vile mara moja haikutosha. Wema ule Mama Faili hakujua aulipe kwa kitu gani, basi akawa anaulipa kwa kurudi.

Ijumaa moja alikuta mlango umefungwa. Karatasi iliyobandikwa ilisema binti wa Mama Upepo amejifungua, na mwenyewe atarudi Jumatatu. Kesho yake binti wa Mama Faili alikuwa anahitimu ufamasia. Alisimama pale, akajishika kichwa, kisha akavuka barabara na kupanda ngazi.

Msusi wa huko juu alikuwa msichana mwenye aproni nyeusi, laini wa mikono, mkavu wa maneno. Alimlaza, akapima joto la maji kwa kifundo cha mkono wake mwenyewe, akaanza kuosha. Vidole vyake vilipofika utosini vikasimama.

"Mama, hapa nywele zimekatika. Ni muda?"

Mama Faili alisema hapo hapana kitu. Msichana akamkausha kwa taulo, akamkalisha, akaleta kioo cha pili nyuma yake. Palikuwa na upara wa ukubwa wa kiganja cha mtoto, ngozi inang'aa. Msichana alieleza kwamba ni moto wa karibu na kule kuvutwa, na kwamba zikipumzishwa zitaota tena.

"Na anayekutengeneza anajua," aliongeza. "Angalia zilivyolazwa. Mtu amezifundisha kufunika."

Kwenye mahafali Mama Faili alipiga makofi, akapiga picha, akalia alipopaswa kulia. Lakini muda wote alihisi kwamba safu nzima ya nyuma inamsoma utosi.

Jumanne alikwenda kwa Mama Upepo. Maneno aliyapanga njiani kama hati ya mashtaka. Alipoingia aliona mwenzake amejaa furaha ya mjukuu, akangoja picha zote zionyeshwe kwanza, ndipo akauliza.

"Ulijua tangu lini?"

Mama Upepo hakujifanya kutoelewa. Alichomoa draya ukutani. "Mwaka jana, mvua zilipoanza."

"Na hukuniambia."

"Kila Ijumaa nilisema leo namwambia. Halafu unainuka hapo kitini unatabasamu, nakuona kama mtu aliyepona. Nikawa nakuongezea Ijumaa moja. Mimi nilidhani ni umri, dada."

Mama Faili akamwambia si umri, ni moto. Mama Upepo aliiangalia mikono yake, akakaa kwenye kiti cha wateja kama gunia lililotuliwa. Miaka ishirini na miwili alikuwa akitengeneza vichwa vya watu hivyohivyo.

Hati ya mashtaka ikayeyuka yote, lakini uamuzi ulibaki. Mama Faili alisema nywele atazipeleka ng'ambo, hawezi kumdanganya. Mama Upepo aliitikia kwa kichwa, akaomba aone picha za mahafali.

Ijumaa mbili Mama Faili alipanda ngazi zile akikwepa upande wa fundi viatu, kama mume mwenye nyumba ndogo. Ya tatu aibu ilimshinda, akapitia kusalimia. Mama Upepo alikuwa na swali moja tu: yule binti anaishikaje draya? Kwa umbali gani? Mama Faili alijaribu kuonyesha kwa chanuo, akashindwa.

"Twende ukaone mwenyewe," akasema.

Mama Upepo alicheka, akakataa, akafagia sakafu ambayo haikuwa na uchafu. Mwishowe akavua aproni.

Msichana aliposikia ni nani, aliacha alichokuwa akifanya, akamwamkia, akaonyesha: vidole vinne kutoka kwenye ngozi, upepo unashuka na unywele. Mama Upepo aliuliza, akarudia kuuliza, hakuona haya. Baadaye alinunua draya nyingine, na wateja wake walisema chumba kimepoa. Ila Mama Faili hakurudi kwake kwa nywele. Alirudi kwa mazungumzo, Jumamosi, na aliambiwa ukweli zaidi ya zamani.

Siku ile lakini, Mama Upepo alipotaka kuondoka, msichana alimuuliza nani alimwosha nywele mara ya mwisho. Alifikiri sana.

"Marehemu mama," akasema.

Wakamlaza. Mama Faili alimshikia mkoba. Kabla povu halijaisha Mama Upepo alikuwa amelala usingizi, mdomo wazi, na msichana akapunguza maji.