Harusi iliyokwama kwenye kompyuta ya Dinah

Saa mbili kasorobo asubuhi, duka la vifaa vya ujenzi la Pritam Singh mjini Kitale halijauza hata msumari, lakini Dinah Nanyama tayari amegombana na Nairobi.

Ameketi kwenye pembe yake, kati ya mikebe ya rangi na marobota ya seng'enge. Modemu inapiga simu Nairobi, barua pepe zinakongoja kuchukuliwa. Inalia, inakwaruza, inanyamaza. Kwenye skrini mstari wa samawati unaanza kutambaa kutoka kushoto. Unafika katikati. Unapita katikati. Dinah anaondoa mikono mezani kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Nyuma yake, watu waliojaa benchi wananyoosha shingo.

Laini inakatika. Mstari unapotea, na programu mpya inamuuliza Dinah kwa adabu kama angependa kuanza upya.

"Ati inaniuliza kama napenda," Dinah asema bila kugeuka. "Ni kama mtu akumwagie uji, alafu akuulize kama umeshiba."

Benchi linacheka, lakini si kwa roho yote. Hii ni wiki ya pili. Barua pepe zote zinazokuja kwenye pembe hii zimekwama nyuma ya barua moja, na barua hiyo ni harusi.

Dinah, mwenye umri wa miaka arobaini na moja, alizaliwa Lugulu na akajifunza kupiga taipu mjini Bungoma. Aliajiriwa katika ofisi moja hapa Kitale hadi mwaka wa 1994, wafanyakazi walipopunguzwa.

"Ile barua ya kunifuta kazi, unafikiri nani aliipiga taipu?" auliza. "Si ni mimi. Nilikuwa sekretari peke yangu. Nikaipiga vizuri, nikaipeleka isainiwe, alafu nikajipatia."

Pritam, aliyekuwa akimletea barua za duka azipige taipu, alimpa pembe na meza. Mwaka wa 1996 akaongeza kompyuta kuukuu na modemu, wakakubaliana kugawana mapato nusu kwa nusu. Kutuma barua ni shilingi mia moja, kuchapisha iliyokuja ni hamsini. Mwezi ukiwa mzuri, Dinah hubaki na kama elfu sita mkononi, na kwa hizo analipa nyumba ya mtaa wa Tuwan na karo ya watoto wawili.

Kitu ambacho mgeni huchelewa kuelewa ni kwamba watu hawa wote wana anwani moja tu. Mtoto aliye Uingereza na mtoto aliye Amerika wote huandikia duka la Pritam, kisha juu ya barua wanaweka jina la mwenyewe. "KWA BABA, TONGAREN, JIRANI YA POSHO MILL." "KWA MAMA KIPLAGAT, TUWAN, YULE WA MAZIWA."

Dinah huichapisha, huikunja na kuipiga stepla mbili ili asiisome mtu mwingine. Za watu wa Bungoma na Tongaren ambao hawawezi kufika Kitale, huzibeba mwenyewe Jumamosi hadi Bungoma na kuzigawa mbele ya duka la vipuri la Jasbir, shemeji yake Pritam.

"Mimi ndiye najua nani amepata kazi, nani ameachwa na bibi," asema. "Lakini mdomo yangu iko na stepla pia."

Kazi ilienda hivyo hadi Januari mwaka huu wa 1999, alipoingia dukani kijana mmoja mwenye tai na mkoba. Alieleza kwamba mwaka wa elfu mbili ukiingia, kompyuta zote za zamani zitarukwa na akili. Pritam, ambaye huwezi kumuuzia hata panga kabla hajaligonga asikie mlio, alinunua kompyuta mpya bila kugonga. Ile ya zamani akampa Jasbir kule Bungoma, ambaye haogopi mwaka wowote.

Dinah hakatai kwamba mashine mpya ni nzuri. Ina rangi, ina kasi. Shida ni programu ya barua iliyokuja nayo.

Ile ya zamani, aeleza, ilikuwa kwanza inamwonyesha barua zinazongoja Nairobi, moja moja, jina na uzito. Akichoka na nzito anaiacha hapo, anachukua nyepesi. Ni kama kuchungulia dirishani kabla ya kufungua mlango. Hii mpya haichungulii. Inataka kila kitu kiingie kwa foleni, kizimakizima, na laini ikikatika inarudi kwa yule wa kwanza kwenye foleni.

Na wa kwanza kwenye foleni ni Kiplagat.

Kiplagat ni mtoto wa Jerono, mama wa Tuwan anayeuza maziwa lala. Alioa Amerika mwezi wa Agosti, na mama yake hakuweza kwenda. Picha za karatasi zilipotea njiani. Kwa hivyo mwezi uliopita Jerono alikaa kwenye kiti cha Dinah na kumwambia amwandikie kijana atume picha kwa kompyuta, tena atume zote, hata za wale waliokuja kula tu, kwa sababu ukoo unataka kuona.

Kijana mtiifu akazituma zote, katika barua moja.

Kila simu ya Nairobi inakatika kabla harusi haijamaliza kuingia. Nyuma yake kuna barua za watu wa mashambani hadi Bungoma, na bili ya simu inapanda.

Dinah amefungua kila dirisha la programu hiyo, amesoma kitabu chake hadi mahali pa Kijerumani. Amempigia fundi wa kampuni ya Nairobi inayowauzia huduma. Fundi hakuwa mkaidi. Alisema kama hiyo programu inaweza kuchungulia, yeye hajaona inapochungulia. Ila yeye, akiwa kule Nairobi, anaweza kuifuta hiyo barua moja kwa dakika moja, na nyingine zote zitashuka. Dinah aseme tu.

Jumatatu hii benchi linamtaka aseme.

"Madam, kijana mmoja ameoa Amerika," asema Mzee Festus Khaemba, mkulima wa mahindi kutoka Tongaren, "na sisi wote hapa tumefungwa na harusi yake. Hata chakula hatukuonja."

Mzee huyu ana haki ya kulalamika. Binti yake ni nesi Uingereza. Hajamsikia tangu Januari, na kijijini wameanza kumwambia kwamba mtoto amemsahau. Hata Pritam mwenyewe yuko kwenye foleni: anangoja barua ya dada yake Sumitra aliyelazwa hospitalini huko Leicester. Anasimama mlangoni na glasi yake ya chai, anasema picha ni picha tu, kijana atatuma tena.

Hatatuma tena. Jerono alishaongea naye kwa simu. Picha zilikuwa za rafiki yake, aliyeziingiza kwenye kompyuta kwa mashine yake; rafiki amehama nazo, na Kiplagat hakubaki na nakala. Zilizo Nairobi ndizo hizo.

Jerono anasikiliza haya yote akiwa amesimama karibu na magunia ya simiti, mkebe wa maziwa miguuni. Kisha anakuja mezani na kuongea polepole.

"Dinah, futa tu. Sitaki watu wanichukie kwa sababu ya picha. Nitaishi."

Dinah anamtazama, halafu analitazama benchi.

"Mama, nikifuta yako leo kwa sababu watu wamekasirika, kesho nitafuta ya nani?" asema. "Hawa wote wananiachia mambo ya watoto wao. Mimi si wa kuchagua ya nani itupwe."

Pritam anamaliza chai yake. Anasema Dinah ni mtu mgumu kuliko simiti anayouza, na anayelipia simu ni yeye, Pritam. Anampa hadi Alhamisi. Asiposhinda, Pritam mwenyewe atamwambia fundi afute.

Jumatano Dinah anashuka Bungoma. Wazo lake ni rahisi, na hana hakika nalo hata kidogo: kuchukua programu ya zamani kutoka mashine ya zamani na kuilazimisha kwenye mpya.

Jasbir anampokea mlangoni na kumuuliza kama amekuja kuona mgonjwa. Kompyuta ile iko nyuma, kati ya filta za trekta, imefunikwa kitambaa cha kufumwa kwa mkono. Ndani yake sasa kuna bei za vipuri. Jasbir anakiri kwamba alikuwa afute kila kitu cha Dinah apate nafasi, lakini msimu wa kulima umemshika.

"Uvivu yako imeniokoa," Dinah amwambia.

"Si uvivu. Ni biashara."

Dinah anatia disketi ya kwanza ya kubebea programu. Mashine inanguruma, inaikubali. Ya pili inaikataa. Anaifuta kwa upindo wa sweta, anairudisha, inaikataa tena. Anavuka barabara hadi duka la fotokopi, ananunua nyingine, anarudi. Hii inakubaliwa. Anazifunga disketi zote kwenye leso, anazitia kwenye mkebe wa biskuti na kuukumbatia hadi Kitale.

Alhamisi asubuhi benchi limejaa mapema, habari zimefika. Pritam amesimama nyuma ya kiti cha Dinah mikono kifuani. Programu ya zamani inafunguka kwenye mashine mpya, uso wake wa kijivu usio na mapambo. Inasema haioni modemu.

Pritam anavuta pumzi. Dinah anainua kidole kumnyamazisha, bosi wake huyo, naye ananyamaza. Dinah anatafuta kwenye mipangilio, anabadilisha nambari moja, anajaribu. Modemu kimya. Anabadilisha nyingine. Modemu inalia.

Kwenye skrini hakuna mstari wa samawati. Kuna majina tu, yakianguka moja chini ya lingine, na benchi zima limesimama kuyasoma kwa sauti kama matokeo ya mtihani. Kwa Baba, Tongaren. Kwa Pritam, kutoka kwa Sumitra. Kwa Baba, Tongaren, tena, na tena. Na juu kabisa, Mama Kiplagat, na kando yake nambari ndefu ya uzito.

Dinah anaiwekea alama: ibaki. Nyingine zote zinashuka.

Pritam anachukua yake na kwenda kuisoma nyuma ya mabati. Anaporudi anatangaza kwamba Sumitra ametoka hospitali na ameanza kulalamikia chakula, kwa hivyo amepona. Mzee Khaemba amepata barua tatu kwa mpigo. Hazisomi pale. Anazitia mfuko wa ndani wa koti, anafunga kifungo, kisha anaomba kuandikiwa jibu.

"Nimwambie nini?" Dinah amuuliza, vidole tayari.

"Mwambie sikumkasirikia," asema mzee. Anafikiria. "Hapana. Mwambie mahindi iko salama. Ataelewa."

Jumapili mchana ofisi zote zimefungwa na laini za simu zimepumzika. Pritam amefungua mlango mmoja tu wa duka. Jerono anafika kutoka kanisani na kitambaa chake cha kikundi cha akina mama, anaketi karibu na Dinah, mkoba magotini. Safari hii laini haikatiki. Inachukua muda mrefu, lakini haikatiki.

Picha ya kwanza inafunguka kutoka juu, kipande baada ya kipande. Mbingu. Majani ya mti. Nywele zenye maua.

"Ngoja, usiipeleke mbio," Jerono asema.

"Siipeleki mimi, mama. Inakuja yenyewe."

Paji la uso. Macho. Jerono anasogea hadi pua yake inakaribia kioo. Bibi arusi akiwa amefika kidevuni, mama mkwe ameshaamua kwamba huyu ni mtu wa kazi. Halafu kando yake anatokea Kiplagat, suti imemzidi mabega.

"Amekonda," asema Jerono. "Lakini anacheka."

Anataka zote zichapishwe, na Dinah anamwambia printa ni ya rangi nyeusi tu. Jerono anasema weusi ni sawa, maua atawaeleza kwa mdomo.

Jioni, akifunika kompyuta, Dinah anaeleza anachotaka. Programu ya zamani itabaki, na mwaka wa elfu mbili ukija watapambana. Anataka kila mteja awe na anwani yake mwenyewe, harusi ya mmoja isizibe mwingine. Na anataka pembe ya pili mbele ya duka la Jasbir kule Bungoma, ili mzee wa Tongaren asingoje Jumamosi. Jasbir amekubali kutoa kompyuta na meza. Kilichobaki ni simu. Ombi la laini alilipeleka kwenye ofisi ya simu Jumatano hiyo hiyo, akaambiwa huenda ikachukua mwaka, huenda miwili.

"Nikawaambia waandike jina yangu tu," asema, akizima taa ya pembe. "Kungoja laini ndiyo kazi yangu, bana."